Kukhu amefuga jogoo wa Pasaka, nami nataka tubaki Nairobi

SWALI

Shikamoo Shangazi. Barua hii nimeiandika mara tatu nikiifuta, kwa sababu kila nikiisoma naona kama namsengenya mama mkwe wangu, ambaye wanangu wanamwita kukhu, yaani nyanya, na mimi sina ugomvi naye. Angalau sikuwa nao.

Nina miaka 38, naishi Umoja hapa Nairobi, na kazi yangu ni kushona sare za shule nyumbani. Mume wangu ni fundi wa stima. Tuna msichana wa miaka 14, mvulana wa miaka 10 na kitinda mimba wa miaka sita. Miaka tisa iliyopita tulibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Majirani wanatuita Wamormoni. Tangu 2018 viongozi wetu wametuomba tutumie jina kamili, lakini nikilitaja lote kwenye foleni ya maji mtu anakuwa ameshajaza mitungi miwili. Mume wangu alizaliwa Mkatoliki, alikuwa mtumishi wa altare kwao Kakamega, na ukoo wake wote bado ni Wakatoliki.

Kila Pasaka watoto saba wa mama mkwe hurudi nyumbani na wajukuu. Sisi pia tulikuwa tunaenda. Shida ilianza Pasaka ya 2024. Asubuhi ya Ijumaa Kuu alimimina chai ya maziwa kwenye vikombe akawapa wajukuu wote. Sisi hatunywi chai wala kahawa. Ni sehemu ya kanuni yetu ya afya, tunayoiita Neno la Hekima. Watoto wangu wakaniangalia. Nikavisogeza vikombe vyao vitatu kando, polepole, nikasema watakunywa maji. Hakuna aliyesema neno. Baadaye nikamsikia jikoni akimwambia wifi yangu, "Nimelea watoto saba kwa chai hii hii. Hakuna aliyekufa."

Mwaka jana hatukwenda. Tulisema ni nauli, na kweli nauli ya kwenda magharibi hupanda wiki ya Pasaka, nasi tuko watano. Lakini wewe sitakuficha, Shangazi: nilifurahi. Nilitaka watoto wapate Pasaka ya kwao. Tangu Jumapili ya Matawi tulisoma kila jioni yaliyompata Yesu siku hiyo ya juma lake la mwisho. Jumatatu, kwenye jioni yetu ya familia, tulioka mkate kwa sufuria juu ya makaa. Halafu nikawakumbuka wazee wawili, mtu na mkewe, wamisionari kutoka Marekani, waliowahi kutusimulia jinsi kwao wanavyopaka mayai rangi na kuyaficha bustanini watoto wayatafute. Nikasema na mimi nitafanya.

Mayai ya dukani kwetu yana ganda la kahawia. Niliyachemsha na bitiruti yakatoka rangi ya matope. Ya bizari ndiyo yaliyokubali kidogo. Bustani hatuna, tuko orofa ya tatu. Jumapili yenyewe tulikwenda kanisani, mkutano wa muda wa saa moja tu, tukarudi tumelowa, sare za wateja zimening'inia sebuleni hazikauki. Nikaficha mayai tisa: nyuma ya mtungi wa gesi, ndani ya viatu, kwenye droo ya cherehani. Kitinda mimba aliyapata yote kwa dakika nne. Akayapanga mezani, akaniangalia, akauliza, "Sasa?"

Yule mkubwa alikuwa dirishani akiwatazama majirani wakirudi na nguo zao mpya. Akasema, "Mum, hii si Pasaka. Huu ni mchezo wa mayai."

Agosti mwaka jana tulikwenda hekaluni. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025. Zamani watu wetu walikuwa wakisafiri hadi Johannesburg. Mimi na mume wangu tuliunganishwa, na watoto wakaunganishwa nasi, tuwe familia hata baada ya kifo. Sijawahi kuona siku kama ile. Mama mkwe alipanda basi la usiku ili awepo, amevaa kitenge kipya. Kumbe asiye muumini mwenye kibali haingii. Mume wangu alidhani nimemweleza, mimi nilidhani amemweleza yeye. Akakaa nje kwenye benchi hadi tulipotoka. Tukapiga naye picha, kesho yake akarudi kwake.

Sasa mwaka huu. Jumatano ya Majivu alipiga simu. Amefuga jogoo, amemfunga utepe mwekundu mguuni asije akachinjiwa mgeni mwingine. Anataka wajukuu wote wafike Alhamisi. Ijumaa Kuu watatembea Njia ya Msalaba, Jumamosi usiku ni kesha, Jumapili ndiyo sikukuu. Nikamwambia tutaona. Lakini Pasaka ya mwaka huu, 5 Aprili, imeangukia Mkutano Mkuu wetu wa tarehe 4 na 5. Mkutano Mkuu ukifika hatuna ibada ya kawaida huku mitaani. Viongozi wanahutubia kutoka Salt Lake City, Marekani, nasi tunafuatilia. Kikao cha asubuhi cha kule kinatufikia saa moja jioni, cha mchana saa tano usiku. Kwa hiyo siku ya Pasaka watoto wangu watashinda nyumbani mchana kutwa wakingoja jioni, huku mtaa mzima unatoka kanisani.

Binti ameshasema anataka kwenda kesha na kukhu wake. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu maneno matatu: "Kule kuna watu." Mume wangu nikimuuliza ananiambia, "Amua wewe," kisha anaongeza sauti ya redio.

Nikiwapeleka, naogopa binti yangu ataonja asirudi. Nikiwazuia, naogopa atanichukia, na mama mkwe atasema nimemnyang'anya wajukuu. Je, nimekosea kutaka tuwe na sikukuu yetu nyumbani kwetu?

Mama wa Watatu, Umoja


JIBU

Marahaba, mwanangu. Hujamsengenya mtu. Barua nyingi za kuhusu wakwe zinazonifikia huanza na tusi, yako imeanza na kufuta.

Nikikuelewa vizuri, umeniuliza mambo mawili: msafiri au mbaki, na binti aende kesha au asiende. Lakini kuna mambo mengine mawili uliyoyapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Moja ni benchi. La pili ni redio. Niruhusu nianze na hayo.

Mama huyu alisafiri usiku kucha kuja kuona mwanawe akiunganishwa na mkewe na watoto wake milele. Mimi si wa kanisa lako, kwa hiyo nayasikia maneno hayo jinsi anavyoyasikia yeye, na kwa sikio la mtu wa nje yana makali: familia imefanywa ya milele, na aliyemzaa baba wa familia hiyo yuko nje ya mlango. Najua sivyo mnavyofundishwa. Najua kazi ya hekalu lenu inawafikia hata mababu waliokwisha kufa, na kwamba kabla ya kuwekwa wakfu lilifunguliwa kwa umma, mtu yeyote angeingia akatazama. Yeye hayo hakuambiwa. Aliambiwa angoje. Halafu mkapiga naye picha.

Miezi sita baadaye mwanamke huyo huyo anafuga jogoo na kumfunga utepe. Wewe umeisikia simu yake kama mwaliko wa kuwarudisha watoto Ukatoliki, na huenda uko sahihi. Unamjua, mimi simjui. Ila jaribu kuisikia upya ukikumbuka benchi. Mtu aliyefungiwa mlango anapokufungulia wake, anaweza kuwa anakuvuta uingie kwake usitoke. Anaweza pia kuwa anauliza kama bado yeye ni wenu. Je, kuna aliyemrudia kumwambia, "Mama, siku ile tulikosea kutokueleza"? Sisemi mwombe radhi kwa imani yenu. Nazungumzia kule kudhaniana, kila mmoja akifikiri mwenzake amesema. Hilo halina dini.

Sasa redio. "Amua wewe" inasikika kama heshima, lakini anayeamua ndiye atakayelaumiwa, na lawama yenyewe inatoka kwa mama yake, si kwa mama yako. Hata hivyo usikimbilie kumkasirikia. Mwanamume huyu alitumikia altare utotoni. Kesha la Pasaka analijua kutoka ndani: moto mpya unaowashwa nje gizani, mshumaa mkubwa unaoingizwa kanisani, watu wakiwashiana mishumaa mkono kwa mkono hadi kanisa zima linawaka. Inawezekana anapoongeza sauti ya redio hakukimbii wewe. Badala ya kumuuliza "twende au tusiende", jaribu jioni moja watoto wakishalala umuulize Pasaka za utotoni anazikumbukaje. Usiwe na ajenda. Nadhani utasikia mambo ambayo hajakuambia kwa miaka 16 au ngapi mliyokaa pamoja, na mengine yanaweza kukuuma kidogo. Afadhali uyasikie kwake kuliko kuyasikia kwa binti.

Hapo kwenye mayai unisamehe, nilicheka mpaka nikaweka barua chini. Si kwa kukubeza. Nimeiona ile "Sasa?" kama niko sebuleni kwako. Lakini fikiria yai lenyewe limetoka wapi. Zamani kule Ulaya mayai hayakuliwa wakati wa Kwaresima, yakajaa ndani, na Pasaka ikifika ndiyo wanayala kwa shangwe. Tena kuku wa nchi za baridi hupunguza kutaga siku zikiwa fupi, huanza tena mwanga ukirefuka, theluji ikiyeyuka, bustani zikichanua. Ukiwa Utah kule Marekani mwezi wa Aprili, yai lililofichwa kwenye majani mabichi lina maana yake hata bila maelezo. Sisi tuko hapa karibu na ikweta. Siku zetu hazirefuki wala hazifupiki, kuku anataga Januari kama Julai. Aprili yetu ni masika. Ulichukua mchezo wa bustani ya wenyewe ukauleta orofa ya tatu mvua ikinyesha, ukaachwa na mayai ya rangi ya matope.

Na huku kwa kukhu, Aprili hiyo hiyo, mahindi yako magotini yanapaliliwa, kunde zimechanua majani, na jioni moja baada ya mvua kubwa kumbikumbi wanatoka ardhini na watoto wote wa boma wanawakimbilia na mabeseni. Mtoto wa miaka sita akiwa na beseni la kumbikumbi hamuulizi mtu "Sasa?"

Lakini usije ukafikiri nasema Pasaka yako ya nyumbani ilishindwa. Umeyasimulia mayai kwa mistari mingi kwa sababu yalikuaibisha, ukayapita masomo ya jioni na mkate kwa mistari miwili. Mkate ule nani aliukanda? Nani aliula ukiwa moto? Kuna kitu pale ambacho hakikuazimwa kwa mtu. Tena hauko peke yako katika kutafuta: Pasaka ya 2023 viongozi wenu wenyewe walielekeza Jumapili hiyo kuwe na mkutano wa sakramenti, yaani ibada kuu ya Jumapili, peke yake, watu warudi nyumbani waadhimishe na familia. Kanisa lililoanza tarehe 6 Aprili 1830, lisilo na Kwaresima wala Jumatano ya Majivu, limekuwa likijipangia Pasaka yake taratibu. Wewe ulitaka kuikamilisha kwa wiki moja, sebule moja, na wateja wakidai sare.

Kuna jambo moja umelichukulia kama limeamuliwa, nami nisingeliacha lipite. Umeandika kana kwamba Mkutano Mkuu unawafunga Nairobi. Kwa nilivyoelewa, kinachohitajika ni simu yenye chaji na bando, na Kakamega kuna vyote viwili. Vikao pia hubaki mtandaoni mkavitazama baadaye. Kwa hiyo sababu ya kubaki si ratiba. Huenda sababu ni vikombe vitatu vilivyosogezwa kando na macho ya wifi zako. Hiyo nayo ni sababu halali, mwanangu. Ila uijue kwa jina lake, usije ukamwambia binti ni kanisa limekataa naye akaamini hivyo.

Tuje kwa binti. "Kule kuna watu." Wewe umesikia, "Ninataka kanisa lao." Mimi nimesikia msichana aliyesimama dirishani siku ya sikukuu. Wa umri wake wanataka kundi, nguo ya kuonwa, usiku wa kutolala wakicheka na binamu. Ibada yenu, kama nilivyowahi kuiona mara moja nilipoalikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki, ni tulivu: kinanda, nyimbo za polepole, hakuna ngoma. Utulivu huo unamfaa mama aliyeshinda kwenye cherehani wiki nzima. Kwa mtoto wa miaka 14 siku ya Pasaka, unaweza kuonekana kama nyumba isiyo na wageni. Anaweza kubaki na imani yake yote na bado akatamani vigelegele.

Anaweza pia kuonja asirudi. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Baba yake alitoka huko, ninyi wenyewe mliacha mlikolelewa mkiwa watu wazima, na hakuna aliyewafunga kamba. Ukimruhusu, hatari ni hiyo. Ukimkataza, anaweza kukaa kando yako mbele ya simu saa moja jioni huku moyo umewasha mshumaa Kakamega. Na kuna njia ya tatu ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: kumwachia aende bila kuzungumza naye, umekunja uso, ajue umekasirika lakini asijue unaamini nini.

Ikiwa atakwenda, yapo mambo ya kusemwa mapema. Kesha hilo huanza usiku umeingia, yaani karibu na saa ile ile ya kikao cha Jumamosi. Atakuwa amechagua kimoja, na ni vizuri ajue hivyo bila kutishwa. Wakati wa Komunyo asipange foleni, kwa kuwa si Mkatoliki, na kukhu alijue hilo kabla, asije akamsukuma kwa upendo mbele ya watu wote. Na usiku huo huo, au kesho yake mkipalilia, muulize aliona nini. Uulize kama mtu anayetaka kujua. Hata wewe ukitaka kukaa naye kwenye benchi la nyuma, sidhani kama kuna aliyekukataza. Ingekuwa mara yako ya kwanza kukaa ndani ya nyumba yake ya ibada, baada ya yeye kukaa nje ya yenu. Sikushurutishi. Najua ni mbali.

Na mkibaki Nairobi? Hilo pia linawezekana, na wapo wanaolazimika kwa sababu nauli ni nauli. Gharama yake ni kwamba ni mwaka wa pili mfululizo, na jogoo ana utepe. Mkibaki, sikukuu ya watu watano itakuwa ya watu watano hata uipambe vipi. Katika kata yenu ya kanisa hakosekani mama mwingine anayengoja saa moja jioni na watoto wanaozunguka nyumba. Waiteni mchana wale pamoja, mvulana wako abebe viti kutoka kwa jirani, na huyo jirani Mkatoliki au wa ACK (Anglikana) anayetoka kanisani umkaribishe apite. Ukiulizwa mbona hamkwenda kanisani Pasaka, utajibu jinsi unavyojua.

Ipo njia ya katikati ambayo sijui kama mmeifikiria. Likizo ya Aprili ni takriban wiki tatu. Kwa Wakatoliki Pasaka haiishi Jumatatu. Msimu wake ni siku 50, hadi Pentekoste, mwaka huu 24 Mei. Mnaweza kukaa Mkutano Mkuu nyumbani, kisha nauli ikishashuka watoto wakaenda Kakamega wiki nzima, si kwa kupita. Kukhu anaweza kuipokea, au anaweza kusema wajukuu wengine walikuwepo na hawa wakaletwa baadaye kama kiporo. Binti naye atakuwa amekosa kesha, na mishumaa haingoji. Kuhusu kumleta kukhu Nairobi, ningekwenda polepole. Ana watoto saba wanaorudi kwake. Kumtoa bomani Pasaka ni kumtoa kwenye kiti chake.

Nimebakiwa na chai. Hiyo ya 2024, majani hayakuwa shida kubwa. Ulivisogeza vikombe mbele ya wakwe, na yeye ndiye aliyemimina. Sasa, Neno lenu la Hekima, la tangu 1833, linakataza chai ya majani na kahawa. Halijakataza kitu cha moto ndani ya kikombe. Boma nyingi za huko magharibi zina kichaka cha mchaichai karibu na jiko au kando ya ua. Ukichemshwa na maziwa, tangawizi na sukari kidogo, ni kinywaji cha mgeni hasa, na harufu yake inafika barabarani. Kuna tofauti kati ya wewe kubeba kopo la chokoleti kutoka Nairobi ukajipikia wanao pembeni, na wewe kumwomba yeye, mapema, kwa simu, "Mama, watoto wangu hawanywi majani, lakini wanapenda mchaichai, unaweza kuwapikia?" Hapo mpishi anabaki yeye. Anaweza kukataa. Anaweza kusema hayo ni maji ya wagonjwa. Mimi namjua shangazi mmoja aliyesema hivyo, na sufuria ikaisha kabla ya ile ya chai.

Umeniuliza kama umekosea kutaka sikukuu yenu nyumbani kwenu. Mtu anayekanda mkate na watoto Jumatatu jioni, simwoni alipokosea. Nadhani ulitaka pia mlango ambao mama mkwe hawezi kuuingia, mwaka mmoja tu, upumzike. Hilo wewe ndiye unayelijua.

Lolote mtakaloliona jema, usimpelekee kupitia kwa wifi wala kwa ujumbe wa simu. Piga, au bora zaidi mpe mumeo simu akiwa amezima redio, nawe ukae kando yake. Kabla hajafika kwenye Alhamisi au nauli au Mkutano Mkuu, aulize kwanza yule jogoo anaendeleaje, na utepe kama bado uko.

Shangazi